Ule mlio unaousikia ukivuka Daraja la Mkapa

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Lindi au Mtwara, ukishapita Ikwiriri basi linapanda Daraja la Mkapa, na chini ya magurudumu unasikia du-du, kimya, du-du. Abiria wengi hudhani ni lami iliyobonyea. Sivyo. Hivyo ni viungio, nafasi nyembamba zilizoachwa makusudi ili zege lipumue.

Zege hutanuka likipata joto, likipoa hunywea. Daraja hili lina mita 970 hivi. Joto la zege likipanda nyuzi 10 tu, urefu wote huongezeka karibu sentimita 10, upana wa kiganja. Lisipopata pa kwenda, litasukuma nguzo au litajipasua lenyewe.

Ndiyo maana nikikagua daraja refu naanza kwa kuinama. Kwenye daraja moja, si hili, nilikuta viungio vimejaa mchanga na kokoto, malori yamevishindilia mpaka vimekuwa jiwe. Nilichokoa kwa bisibisi. Ukingoni zege lilikuwa limeshamomonyoka, nondo ziko nje, zina kutu. Kilichohitajika miaka yote ile ni ufagio na koleo. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu watu wa kusini wanajua kukosa daraja ni nini: kabla ya 2003 walivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea safari iliishia hapo.

Jambo la pili halisikiki, maana liko chini ya maji. Mkondo ukigonga nguzo huzama, hujizungusha, huchimba mchanga kwenye mguu wake. Mafuriko yakipungua, mchanga hurudi na kulifukia shimo. Ukienda kiangazi utakuta kila kitu shwari, kumbe Aprili nguzo ilikuwa imesimama juu ya shimo la mita kadhaa. Na tangu Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa huko juu, mchanga mwingi unabaki bwawani. Maji yasiyobeba mchanga huutafuta njiani, kwa kuchimba sakafu ya mto.

Kwa hiyo kina kwenye nguzo kinapimwa mafuriko yakiwa bado yanapita: kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kama kipo, na kama hakipo, kwa bildi, lile timazi la madini ya risasi ambalo manahodha hupimia kina, likishushwa kwa kamba kutoka juu ya daraja, nguzo moja baada ya nyingine.