Je, wajua kwa nini anayeishi karibu kabisa na tanki ndiye anayeoga maji baridi?

Nilikaa bedsita ya floo ya tano huko Rongai, ya mwisho juu, yaani baada ya dari yangu ni slabu na matanki meusi ya lita 10,000 basi. Bafu na choo ni kitu kimoja, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Na kila asubuhi ya Julai nikifungulia ile shawa ya instanti, ya kupasha maji kwa stima papo hapo, maji yanatoka baridi ya kukata mfupa, halafu mama wa floo ya pili anaoga moto hadi mvuke unatoka dirishani. Keateka, mwangalizi wa ploti, akaniambia elementi imeungua nunua shawa ingine, nikanunua, ikawa vilevile. Mimi ndiye jirani wa tanki na mimi ndiye nachemsha maji kwa sufuria!

Siku moja nikaikasirikia ile ya zamani nikaifungua mezani na bisibisi. Ndani hakuna tanki, hakuna maji yanayongoja yakiwa moto. Kuna koili ya waya iliyojikunja kama springi, hiyo ndiyo elementi, na karibu yake kuna mpira bapa wa duara, mlaini. Maji yakiingia kwa nguvu yanausukuma ule mpira, mpira unasukuma vipande vya shaba vinagusana, hapo ndipo stima inaingia kwenye koili. Kwa hivyo swichi ya ukutani inaleta stima mpaka mlangoni tu, anayeifungulia mlango ni maji yenyewe. Wameiunda hivyo makusudi, juu koili ikipata stima bila maji inaungua kwa sekunde chache.

Sasa nguvu ya kusukuma mpira inatoka wapi? Hapa ndio watu wengi wanakosea, nikiwemo, wanadhani tanki kubwa ndio presha kubwa. Presha haijali tanki ni la lita 500 ama 10,000, inajali maji yako juu kiasi gani kutoka pale yanapotokea. Kila mita 10 za kimo zinakupa karibu ba 1 ya presha. Kutoka tanki hadi shawa yangu ilikuwa kama mita moja na nusu, hiyo ni ba 0.15, na shawa nyingi za aina hii zinataka angalau kimo cha mita 1 ndio mpira usukumike. Sasa toa ile nguvu inayopotelea kwenye paipu nyembamba na kona zake, toa majirani ambao wote wanaoga saa kumi na mbili asubuhi, mpira haupati kitu. Mtu wa chini kabisa ana floo tano za maji juu yake, kila floo kama mita 3, yuko na zaidi ya ba 1.6 bila kuomba.

Kwa hivyo kabla hujaita fundi, ingia bafuni, washa swichi, fungulia maji, kisha tega sikio. Ukisikia "tak" ndogo na taa ya chumba ikapungua mwanga kidogo, shawa imeshika. Ukisikia tak lakini taa haijatikisika, hapo kweli elementi imekufa ama stima haifiki. Usiposikia chochote na maji yanachuruzika tu, shida ni maji, usinunue shawa ingine kama mimi. Zima kwa meni swichi, siyo ile ya bafuni peke yake, ufungue pale paipu inaposhikana na shawa utazame kichujio, mara nyingi kimejaa mchanga na vipande vya ile tepu nyeupe ya fundi.

Lakini kuna shida ya pili ambayo ni kinyume cha hiyo, maji yanakuja mengi, shawa inashika vizuri na bado ni vuguvugu. Hii ni hesabu tu. Shawa ya kilowati 5.5 inapasha lita 3 kwa dakika zipande karibu nyuzi 26, kwa hivyo maji ya nyuzi 17 yanafika 43, hapo unaimba. Fungulia lita 6 kwa dakika, moto ni uleule unagawanywa kwa maji mara mbili, yanapanda nyuzi 13 pekee, unaoga nyuzi 30 unalaumu shawa. Punguza koki, kwisha. Ila ukipunguza sana mpira unarudi chini na stima inakata, ndio maana watu wanacheza na koki kama wanatafuta stesheni ya redio.

Na usisahau stima yenyewe. Jioni kila mtu akiwasha vitu vyake volteji inaweza kushuka, na ikishuka kutoka 240 hadi 200 ile kilowati 5.5 yako inakuwa kama 3.8, siyo kupungua kidogo, ni karibu theluthi imeenda. Shawa haina kosa. (Kuhusu tokeni, dakika 10 za kuoga ni karibu uniti 1, fanya hesabu yako mwenyewe mimi sitaki kugombanisha nyumba za watu.)

Maji yakikatika halafu yarudi, paipu inakuwa na hewa na shawa inakohoa. Usiwashe stima hapo. Acha ikohoe mpaka maji yatoke sawasawa, juu kila kikohozi ni koili imeachwa kavu. Na wale wa maji ya chumvi, borehole za Kitengela ama kule Mombasa, ulizia dukani shawa ya maji ya chumvi. Nyingi za kawaida koili iko uchi ndani ya maji, chumvi inaila na pia inapitisha stima zaidi, ndio unashika koki unapigwa na kashoti.

Kashoti hako watu wa ploti wanakachukulia kama mzaha, "ooh vaa tu sandali za mpira". Hapana. Mara nyingi inamaanisha waya wa ardhini, ule wa kijani na mstari wa njano, haujafungwa ama haufiki popote. Zima, usioge, aitwe fundi wa stima. Shawa hii inavuta karibu ampea 23, waya wa mm² 2.5 wa soketi si wake, na swichi ikianza kugeuka rangi ya kahawia ama kunuka plastiki usingoje wikendi.

Tukirudi kwangu. Nilipofungua shawa mpya pale paipu inapoingia nikakuta kaplastiki kadogo kenye tundu katikati, kamekaa kama kizibo. Hako huja ndani ya boksi, kazi yake ni kubana maji mahali presha imezidi, na fundi alikaweka kwangu, mtu wa mita moja na nusu! Nikakatoa na ncha ya kisu, nikarudisha shawa mahali pake, nikafungulia: tak, taa ikapungua, maji moto. Kukiwa na majirani wengi wanaoga bado ilikuwa inakataa, hiyo dawa yake ni tanki kuinuliwa kwa stendi ya chuma, na lita 10,000 ni tani 10 kwa hivyo hiyo niliachia landilodi.

Kaplastiki sikukatupa. Keateka anakaa graundi floo na alikuwa analalamika kila siku yake ni vuguvugu, nikashuka nako mfukoni.