Wadudu wa Vileleni mwa Miti: Tunayoyaamini Moshi na Yaliyo Kweli

Sisi wa Moshi tumezaliwa chini ya miti. Miti ya kivuli kama mringaringa na mfuruanje iko kihambani, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, msitu uko juu yetu, na kwenye tambarare kuna msitu wa Rau na mivule yake. Hata hivyo mengi tunayosema kuhusu wadudu wa miti tumeyapata kwa kutazama kutoka chini, na mengine yametufanya tukate mti ambao haukuwa na kosa.

Dhana: Msitu wa Kilimanjaro umeshachunguzwa, hakuna jipya.

Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba mti mrefu kuliko wote waliowahi kuupima Afrika uko kwenye bonde moja la Kilimanjaro. Ni *Entandrophragma excelsum* wa mita 81.5, katika mlima unaopandwa na maelfu ya watu kila mwaka. Ikiwa mti wa kimo hicho ulikuwa haujulikani, ni wazi mbawakawa wa milimita mbili anayeishi kileleni mwake anaweza kuwa hana hata jina. Huko Panama, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipata spishi 6,144 za wadudu, buibui na jamaa zao katika eneo lisilofika nusu hekta, kuanzia udongoni hadi vileleni. Na huo ni msitu mmoja tu.

Dhana: Wanaochunguza vilele wanapulizia msitu sumu.

Ukungu wa dawa upo, ni kweli. Mashine hupandishwa kwa kamba hadi kwenye matawi, hupuliza alfajiri wakati upepo umetulia, na wadudu hudondokea kwenye vitambaa vilivyotandazwa chini. Lakini kinachopulizwa ni mti mmoja au sehemu yake, na dawa inayotumika kwa kawaida ni ya jamii ya pareto, maua yaleyale yanayolimwa nyanda za juu kusini. Pareto huvunjwavunjwa na jua kwa muda mfupi na haiwadhuru sana ndege na wanyama. Samaki ndio huumia nayo haraka, hivyo kando ya mto si mahali pa kuifanyia kazi hiyo.

Njia hiyo ina upungufu mwingine ambao watu hawausemi. Mdudu aliye ndani ya mbao, ndani ya jani au kwenye jani alilojiviringishia haanguki, kwa hiyo wanaohesabiwa kwenye kitambaa ni pungufu ya walioko. Ndiyo maana watafiti hupanda kwa kamba pia, huweka mitego ya taa usiku, na mwaka 1990 huko Panama walianza kutumia hata winchi ya ujenzi kufikia vilele.

Dhana: Jani lenye matundu ni dalili ya mti unaokufa.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ndilo linalotutoa mbio kwenda duka la pembejeo. Katika misitu ya kitropiki wadudu hula takriban sehemu moja ya kumi ya majani kwa mwaka, na msitu unaendelea kusimama. Mti haukai tu ukiliwa. Majani hujaza tanini na kemikali nyingine chungu, na mimea mingi ikitafunwa na viwavi hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo. Nyigu hao hutaga mayai ndani ya kiwavi, na watoto wao humla akiwa hai.

Mti huelemewa kweli pale ulinzi huo unapovunjwa. Miaka ya 1980 vidukari wa misaipresi waliingia Afrika Mashariki. Mti wenyewe ni mgeni, kidukari ni mgeni, na miti ilikuwa imepandwa ya aina moja, safu kwa safu. Miti mingi ilikauka. Mvule nao ni wa kwetu, lakini ukiupanda peke yake shamba zima, mdudu mdogo wa jenasi *Phytolyma* hutia vinundu kwenye machipukizi, vinundu vinaoza na miche inakufa ncha. Msituni miche ya mvule imetawanyika katikati ya miti mingine, na mdudu huyo hapati karamu ya namna hiyo. Anayetaka mivule ya kuwaachia wajukuu aichanganye na miti mingine.

Dhana: Mkuyu hauchanui.

Unachanua, ila maua yake yako ndani ya tunda. Tunda changa la mkuyu ni kifuko kilichojaa mamia ya maua madogo, na mlango wake ni tundu dogo mno kwenye ncha. Nyigu jike wa spishi *Ceratosolen arabicus* hujipenyeza humo, mara nyingi mabawa yakikatika njiani. Amebeba chavua kwenye vifuko vya kifuani. Hutaga mayai katika baadhi ya maua, huyapaka mengine chavua, kisha hufia humohumo. Watoto wake hula sehemu ya mbegu, na zinazobaki ni za mti. Madume hutoka kwanza, hawana mabawa, hupanda majike na kutoboa njia ya kutokea. Majike hukusanya chavua na kuruka.

Maisha yao nje ni siku moja au mbili. Lakini wakifika juu ya vilele upepo huwabeba: huko Namibia ilithibitika kwamba nyigu hawa wanaweza kusafirisha chavua hadi kilomita 160. Misri nako mkuyu ulifikishwa tangu zama za kale bila nyigu wake. Unazaa, lakini matunda hayana mbegu, na watu wamelazimika kuupanda kwa vipandikizi hadi leo.

Dhana: Miti ya kihambani inaleta wadudu kwenye kahawa.

Kivuli kizito kupita kiasi kina shida zake, na kupogoa ni lazima. Wapo wadudu wanaopenda kahawa iliyoshonana. Lakini utafiti uliofanywa hapa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014 uliifunika kahawa kwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie. Kahawa iliyofunikwa ilishika matunda pungufu kwa karibu asilimia 9. Na pale nyuki walipoachwa kutembelea maua, matunda yalikuwa mazito zaidi kwa asilimia 7 hivi. Faida hiyo ilionekana vihambani na hata kwenye mashamba makubwa, kwa kuwa wanyama hawa hawafuati mipaka ya isale, mmea tunaoupanda kutenganisha vihamba. Ndege anayelala kwenye mringaringa wa jirani asubuhi anaokota viwavi kwenye kahawa yako, na ukiukata wako, jirani naye anapungukiwa.