Mshipi na juya: data inavyotumika kuwasaka magaidi

Watu wakishajua ninafanya kazi gani, huniuliza swali lile lile: kwani kompyuta haziwezi kuwatambua hawa magaidi mapema? Kazi yangu ni kulinganisha majina. Kampuni ya kutuma pesa ikitaka kujua kama mteja yumo kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa, ile iliyotokana na Azimio 1267 la mwaka 1999, programu ninayoitunza ndiyo hujibu. Mimi nami huanza jibu langu na nambari moja ya simu, ambayo habari zake zilianzia hapa Nairobi.

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa watu 224, na 213 kati yao walikuwa wa Nairobi. Mmoja wa waliokuwa ndani ya lori lililobeba bomu la Nairobi, Mohamed al-Owhali, alitimua mbio dakika ya mwisho, akabaki hai na majeraha yake. Hakutarajia kubaki hai, kwa hiyo hakuwa na mpango wa kutoroka wala pesa. Akafanya anachofanya kila aliyekwama ugenini: akapiga simu nyumba moja ya Sana'a, Yemen, akatumiwa kama dola 1,000. Siku chache baadaye alikamatwa, na nambari ile ikawafikia wapelelezi. Walipoitafuta kwenye kumbukumbu za simu, wakakuta simu ya setilaiti ya Osama bin Laden nayo ilikuwa ikiipiga. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa kituo cha kupokezana habari za al-Qaeda.

Hivi ndivyo hifadhidata, au kanzidata kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania, inavyofanya kazi vizuri. Una kitu kimoja unachokijua, unauliza kimeunganika na nini, kisha unauliza tena kuhusu hicho ulichokipata. Ni kama kuvua kwa mshipi: ndoana moja, na mkono unaosikia samaki anavyovuta.

Mwishoni mwa 1999 NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, lilisikia kupitia nyumba ile kwamba kina "Khalid" na "Nawaf" walikuwa wakijiandaa kwenda Malaysia. Khalid al-Mihdhar alikuwa mkwe wa mwenye nyumba. Njiani, pasipoti yake ilinakiliwa Dubai, na ndani yake mlikuwa na viza ya Marekani. Jina kamili la Nawaf al-Hazmi lingeweza kupatikana kwenye kumbukumbu za NSA wenyewe, lakini hakuna aliyeagiza litafutwe. Januari 2000 wawili hao wakashuka Los Angeles, wakahamia San Diego. Hazmi akaandikwa kwenye kitabu cha simu cha mji kwa jina lake mwenyewe. CIA ilijua kuhusu viza, na baadaye ikajua kuhusu safari, lakini majina hayakuwekwa kwenye orodha ya uangalizi hadi mwishoni mwa Agosti 2001. Siku hizo hizo wakanunua tiketi za ndege kwa majina yao halisi. Tarehe 11 Septemba walikuwa ndani ya ndege iliyogonga Pentagon.

Kwa hiyo mtu akiniambia tatizo la 2001 lilikuwa uhaba wa data, sikubaliani naye. Data ilikuwepo, tena nyingine ilikuwa imelipiwa na damu ya Nairobi. Kilichokosekana ni mtu wa ofisi moja kuruhusiwa kuuliza swali kwenye jedwali la ofisi nyingine.

Baada ya hapo Wamarekani waliamua kuvua kwa juya, wavu mkubwa unaozoa kila kitu. Mwaka 2002 taasisi ya utafiti ya wizara yao ya ulinzi, DARPA, ilianza mradi, ulioongozwa na John Poindexter, wa kuchimba data za kila namna, safari, kadi za benki na kadhalika, ili mashine yenyewe igundue mwenendo wa kigaidi hata kama mhusika hajulikani. Bunge likaukatia fedha mwaka 2003 kwa sababu ya faragha. Mimi ningeukatia kwa sababu ya hesabu.

Chukua nchi ya watu milioni 50 yenye magaidi 500, na hao ni wengi mno. Tengeneza mashine inayokosea mara moja tu katika kila mia. Itawanasa magaidi 495. Lakini itawalilia kengele na watu wapatao 500,000 wasio na hatia, yaani katika kila milango elfu utakayobisha, mmoja tu ndiwo wenye mtu unayemtafuta. Mpelelezi akiweza kumaliza majalada mawili kwa siku, unahitaji wapelelezi 1,000 kwa mwaka mzima, na kufikia mwisho wa mwaka bomu limeshalipuka. Na hiyo asilimia 99 ni ndoto. Wizi wa kadi za benki hukamatwa kwa uchimbaji data kwa kuwa kila siku kuna maelfu ya mifano ya kuifundishia mashine, na ikikosea, mteja hupigiwa simu basi. Mashambulizi ya kigaidi ni machache na hayafanani. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilifikia karibu uamuzi huo huo.

Wajerumani wamejaribu njia zote mbili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu napenda mfano huu kuliko yote. Miaka ya 1970 mkuu wa polisi wao wa upelelezi, Horst Herold, alikuwa akiwasaka wapiganaji wa RAF, kundi la kigaidi la mrengo wa kushoto, waliojificha kwenye nyumba za kupanga. Alijiuliza: mtu mwenye jina la bandia hulipaje umeme? Taslimu, maana akaunti ya benki itamuumbua. Frankfurt walikuwa na walipaji taslimu takriban 18,000. Wakaanza kutoa: waliosajiliwa kama wakazi, toa, wenye magari, toa, wanafunzi, wastaafu, wote toa. Mwisho yakabaki majina mawili yasiyo na mwenyewe. Moja lilikuwa la muuza dawa za kulevya, la pili la Rolf Heissler wa RAF, aliyekamatwa Juni 1979. Wengine huliita hilo juya, mimi naliona kama mshipi, maana swali lilikuwa moja, jembamba, na lilitokana na kujua adui anavyoishi.

Baada ya Septemba 2001 walirudia. Safari hii walichuja wanaume wa miaka 18 hadi 40, wanafunzi au waliowahi kuwa wanafunzi, Waislamu, wenye asili ya nchi fulani. Mamilioni ya rekodi yalipita kwenye chujio, yakabaki majina takriban 32,000, na hakupatikana hata gaidi mmoja aliyejificha. Mwanafunzi mmoja Mmoroko alikwenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama ya Katiba ikasema msako wa namna hiyo hauruhusiwi bila hatari mahususi.

Hata ukishika mshipi, kuna balaa la majina. Novemba 2009 baba mmoja wa Nigeria alikwenda ubalozi wa Marekani Abuja kusema ana wasiwasi na mwanawe. Taarifa iliandikwa, lakini jina lilikosewa tahajia, kwa hiyo mfumo haukuonyesha kwamba kijana alikuwa na viza hai. Siku ya Krismasi, Umar Farouk Abdulmutallab alipanda ndege ya Detroit na bomu ndani ya nguo yake ya ndani. Liliwaka bila kulipuka.

Kwetu sisi mambo ni magumu zaidi. Khamis wa Mombasa akivuka Tanga anaandikwa Hamisi. Abdalla, Abdallah na Abdullah wanaweza kuwa mtu mmoja kwenye pasipoti, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Jina la tatu si la ukoo, ni la babu, na ndugu wawili wa mama mmoja wanaweza wasishirikiane jina lolote. Kanuni kongwe ya kulinganisha majina kwa matamshi, Soundex, ilisajiliwa Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya majina ya Kizungu. Inashikilia herufi ya kwanza, basi Khamis huwa K520 na Hamisi huwa H520, watu wawili kabisa. Juma na John, wote ni J500. Nilipoajiriwa nilikuta kanuni hiyo bado inatumika.

Nikaibadilisha, na kwa juhudi zangu nikalegeza mno. Mzee mmoja aliye Muscat, aliyekuwa akimtumia mjukuu wake karo Mombasa, alizuiwa pesa siku nne. Majina yake matatu yalilingana na ya mtu aliyeorodheshwa, na kanuni niliyoandika haikupima mwaka wa kuzaliwa. Nilimpigia mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Samahani sana, kosa ni letu."

"Marahaba mwanangu. Jina hili alinipa babu yangu, huyo gaidi wenu hajazaliwa. Nilibadilishe niitwe nani?"

Mwaka wa kuzaliwa niliuongeza jioni ile ile.

Mpangaji mkuu wa bomu la Nairobi, Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro, alisakwa kwa karibu miaka 13 na mifumo ghali kuliko yote duniani. Juni 2011, usiku, gari alimokuwa lilipotea njia Mogadishu, likaingia kwenye kizuizi cha askari wa serikali ya Somalia. Risasi zikapigwa, akafa. Askari hawakujua wamemuua nani. Alikuwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina Daniel Robinson, na uthibitisho ulitoka kwenye vinasaba.

Juzi, kwenye mfumo wa majaribio, niliingiza majina hayo mawili, Fazul na Daniel, nione programu yangu itasemaje. Ilitoa sifuri.