Je, wajua kwanini programu za zamani zilikuwa zinachezea mafaili ya kuwashia kompyuta?

Waliotumia DOS (mfumo endeshi wa kompyuta wa kuandika amri, kabla Windows haijashika) miaka ya tisini wanaijua hii: unainstoli gemu moja tu, inakwambia zima uwashe upya, ukiwasha unakuta kitu kingine kilichokuwa kinapiga kazi vizuri kimegoma. Wengi walidhani ni kirusi, kumbe ile programu imeingia kwenye CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT ikaandika mambo yake.

Sasa kwanini huko? Kwasababu DOS haikuwa na registri (ghala moja la mipangilio ya mashine) kama ya Windows 95, ukitaka kuiambia mashine ikiwaka ifanye nini unaandika kwenye hayo mafaili mawili ya maandishi ya kawaida, yamekaa pale C:\ na yeyote anayafungua. CONFIG.SYS inasomwa kwanza, inapakia madraiva (programu ndogo za kuendeshea vifaa) na kupanga memori, halafu AUTOEXEC.BAT inaendesha amri moja moja. Mfano kadi ya sauti ya Sound Blaster, inaweka mstari SET BLASTER=A220 I5 D1, gemu nyingi zinausoma huo zijue kadi iko wapi, ukiufuta unacheza kimyakimya. Programu za hifadhidata nazo zinafungua mafaili mengi kwa mpigo wakati DOS usipoigusa inaruhusu 8 tu, basi zinaandika FILES=30 au zaidi.

Kwahiyo kuandika humo ilikuwa lazima, tatizo ni kwamba hapakuwa na msimamizi, kila programu inajiona iko peke yake kwenye mashine. Kwenye PATH, ule mstari wa AUTOEXEC.BAT unaoorodhesha folda za kutafutia programu, ndio balaa kabisa, kila moja inataka folda yake ikae mbele, na DOS inatafuta kuanzia kushoto, kwahiyo mafaili mawili yakiwa na jina moja linaendeshwa la mgeni na lako la siku zote halifikiwi, halafu mstari mwisho herufi 127, ukizidi unakatwa mkiani na programu zako za zamani "zinapotea" wakati zipo palepale kwenye diski. Madraiva nayo yanagombania KB 640 zilezile, yaani sehemu ya memori ambayo programu za kawaida za DOS zinafanyia kazi, hata ukiwa na MB 8 gemu inakwambia memori haitoshi.

Instola zenye adabu zilikuwa zinaomba ruhusa kwanza na kukuachia nakala, AUTOEXEC.OLD au .BAK, na hivyo ndivyo zote zilipaswa kufanya. MS-DOS 6 ya 1993 ndo ikaleta nafuu, wakati inawaka unabonyeza F5 inaruka mafaili yote mawili, au F8 inakuuliza mstari kwa mstari, ukishamjua mkorofi unafungua EDIT (programu ya DOS ya kuhariri maandishi) unaandika REM mwanzoni mwa mstari wake ili DOS iuruke, unawasha tena.