Hapana, Hajavunja Itifaki Yoyote

Kucha zilizopakwa rangi ya giza. Mlango wa gari aliofunga kwa mkono wake. Gauni lililoacha bega moja wazi. Kila nikifungua simu nakuta kichwa cha habari kilekile: mke wa mwanamfalme wa Uingereza "avunja itifaki". Kisha wanaojua kwamba nashona mavazi ya hafla na kufundisha historia ya mavazi wananitumia, wakiuliza atapewa adhabu gani. Adhabu! Nimechoka kumjibu mmoja mmoja huku pini ziko mdomoni. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Tumalize kwanza lililo jepesi. Uingereza haina sheria ya kucha. Haina sheria ya soksi ndefu, wala ya urefu wa kisigino, wala ya mkoba ushikwe kwa mkono upi. Sheria zinazoibana familia ile ya kifalme zipo, ila zinahusu mambo mengine kabisa. Ile ya 1701 inamzuia Mkatoliki kukalia kiti cha enzi. Ile ya urithi wa kiti, iliyopitishwa 2013, inawataka watu sita wa kwanza kwenye mstari wa urithi waombe idhini ya mfalme kabla ya kufunga ndoa. Hata suala la mfalme kutopiga kura, ambalo kila mtu huapa kwamba ni sheria, ni mazoea ya kikatiba tu. Sasa kama bunge halikuona haja ya kuandika neno juu ya kura ya mfalme, mnadhani liliketi kujadili rangi ya kucha?

Ziko kanuni za kweli za mavazi, na ajabu ni kwamba hizo hazimsisimui mtu. Sare ya jeshi ina kanuni. Nishani zina mpangilio wake. Utepe mpana wa Garter, nishani ya juu ya heshima, hutoka bega la kushoto kushuka nyonga ya kulia, na ukiukosea mbele ya wanajeshi wastaafu utasikia. Alipozikwa Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, Aprili 2021, wanaume wa familia walivaa makoti ya kiraia yenye nishani, ingawa marehemu alikuwa afisa wa jeshi la majini. Harry, mjukuu wake, alikuwa amekwisha kupoteza vyeo vyake vya heshima jeshini, na msafara wa sare ungemtenga mbele ya kamera zote. Hapo palikuwa na uamuzi mzito wa mavazi. Lakini mjadala wa kucha ndio unaolipa zaidi, basi tunarudishwa kwenye kucha.

Kati ya kanuni na uzushi kuna desturi, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo panaponikera. Desturi inapinda. Tiara, kwa mazoea, ni ya jioni na ya mwanamke aliyeolewa au anayeolewa siku hiyo. Kwenda kwa Papa, mwanamke alivaa nyeusi na kufunika kichwa, isipokuwa malkia na wake wachache wa watawala wa Kikatoliki walioruhusiwa nyeupe. Malkia Elizabeth II alivaa nyeusi alipokwenda Vatikani 1961, akavaa nyeusi tena 1980. Mwaka 2014 alikwenda kumwona Papa Francis akiwa na rangi ya zambarau hafifu, na dari ya Vatikani haikuanguka. Lakini desturi haikufa, kwa sababu Mei 2025, kwenye misa ya kumsimika Papa Leo XIV, Malkia Letizia wa Hispania na Charlene, mke wa mtawala wa Monaco, walikuwa wamevaa nyeupe kabisa. Desturi moja, watu watatu, miaka tofauti, na kila mmoja ameishika kwa namna yake. Hilo ndilo jambo ambalo neno "itifaki" kwenye vichwa vya habari linalifuta: kwamba kuna mtu anayeamua.

Na kwa Uingereza mtu huyo, kwa miaka 70, alikuwa mmoja. Ukitawala miaka 70, chochote unachokipenda hugeuka kuwa "utaratibu wa karne nyingi". Elizabeth alipenda rangi hafifu za kucha, glavu, mkoba mweusi wa mshikio mfupi, viatu vya kisigino kifupi kipana. Waliomzunguka wakafuata, kama nyumba yoyote ambako bibi mkubwa hapendi jambo fulani na hakuna haja ya kuliandika ukutani. Lakini matakwa ya bibi si katiba. Vuka bahari hadi Denmark uone: Margrethe II, malkia aliyeachia kiti Januari 2024, alivuta sigara hadharani, akabuni mavazi ya baleti kwa mkono wake, na kuwahi kuvaa koti la mvua la maua lililoshonwa kwa kitambaa cha plastiki cha kufunikia meza. Malkia yule! Hakuna aliyeandika kwamba kavunja itifaki, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Ule mlango wa gari, basi. Septemba 2018 Meghan, mke wa Harry, alishuka kwenye gari mbele ya Royal Academy, jumba la sanaa jijini London, akaufunga mlango. Dunia ikasimama. Wanaofungua na kufunga milango ile ni walinzi na wahudumu, na sababu ni usalama na mtiririko wa msafara. Mgeni akifunga mlango mwenyewe, mlango umefungwa. Basi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ningependa mniulize lakini hamniulizi: nguo ile inafanya kazi gani?

Mtu anayeishi kwa kutazamwa havai kama sisi. Chukua koti refu la Elizabeth, lile mlilolizoea mpaka hamlioni tena. Rangi yake ni moja tangu kofia mpaka pindo, na ni kali, ili aliyesimama safu ya nyuma kabisa, aliyengoja tangu alfajiri, aweze kusema "nimemwona". Juni 2016, kwenye gwaride la kusherehekea miaka yake 90, alivaa kijani kali kiasi kwamba vijana wa mtandaoni waliigeuza kuwa skrini ya kubandikia picha. Mkacheka. Mimi nilimpigia makofi aliyekata kitambaa kile, kwa kuwa katikati ya askari wenye makoti mekundu palikuwa na mtu mmoja tu asiyeweza kupotea. Ukingo wa kofia hauangushi kivuli usoni. Mwavuli ni wa plastiki angavu, wenye ukingo wa rangi inayoshabihiana na nguo, ili mvua isimfiche. Ndani ya pindo vimeshonwa vizito vidogo ili upepo wa helikopta usilete aibu. Kikwapa kimekatwa juu, karibu na mwili, ili akiinua mkono kupunga koti zima lisipande naye; mafundi wengi hukosea hapo, wakidhani kikwapa kipana ndicho kinachompa mtu nafasi, kumbe ndicho kinachovuta koti zima juu. Bitana lazima iwe ya kuteleza, la sivyo koti litaganda na gauni la ndani kila anapoinuka kitini, na ataonekana akijivuta nguo. Kisha fikiria kuinama kwa mtoto mwenye maua, kushuka gari ya chini ukiwa umeunganisha magoti, kuketi jukwaani huku wapiga picha wako chini yako. Hilo ni vazi la kazi sawa na ovaroli.

Kwa hiyo mtu akiniambia "wanavaa tu wapendavyo, maisha ni raha", namwomba akae saa tatu na koti lililobana kiunoni bila kukunja mgongo.

Lakini na wale wa upande wa pili, wanaowafanya watu wa kuhurumiwa tu, nao wananichosha. Fedha: gharama rasmi za ufalme hulipwa kwa ruzuku iliyowekwa na sheria ya 2011, inayokokotolewa kwa asilimia ya faida ya Crown Estate, yaani ardhi na majengo ya kiti cha enzi; kuanzia 2024/25 iliwekwa kuwa asilimia 12. Mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa paundi milioni 86.3; uliofuata ikapanda hadi milioni 132.1, sehemu kubwa ikiwa ni ukarabati wa Buckingham Palace. Nguo za kazi za Kate, mke wa mrithi William, kwa miaka mingi zilijulikana kulipiwa na baba mkwe wake, Charles, kutoka mapato ya Duchy of Cornwall, miliki ya ardhi ya mrithi wa kiti, ambayo tangu 2022 iko mikononi mwa William. Watetezi husema basi ni fedha binafsi, yaishe. Haiishi. Duchy hiyo ilianzishwa na mfalme mwaka 1337 kumtunza mrithi wake, na kama mali inayohama pamoja na cheo ni ya mtu au ya taifa, wanasheria wanaweza kubishana mpaka kuche. Anayesema "kodi yetu inanunua magauni" amerahisisha mno. Anayesema "ni mfukoni mwake" naye vilevile.

Na hii ya kurudia nguo! "Kate arudia gauni, mnyenyekevu ajabu." Binti wa Elizabeth, Anne, alivaa gauni la maua kwenye harusi ya Charles na Diana mwaka 1981, akalivaa tena kwenye harusi ya ndugu mwaka 2008, na lilimkaa. Charles alikwenda kwenye harusi ya Harry mwaka 2018 na koti lililoshonwa 1984. Naheshimu sana. Ila msinigeuzie kuwa umaskini wa hiari. Koti hudumu miaka 34 kwa sababu lilikatwa na fundi bora kwa kitambaa bora, likatundikwa kwenye kabati lisilo na nondo, na kuna mwajiriwa ambaye kazi yake ni kulipiga brashi na kulitia viraka. Uwekevu huo una gharama zake.

Kuhusu nguo za bure kutoka kwa makampuni nitasema kwa ufupi: mwongozo wao wa zawadi unawataka wakatae kitu kitakachowafunga kwa mtoaji. Wahenga walikwisha sema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Sasa lile la rangi kuwa na ujumbe, ambalo ni somo langu na ndilo linaloninyima usingizi. Kwamba nguo za kifalme husema, hilo halina ubishi. Norman Hartnell, mbunifu wa mavazi, alidarizi gauni la kutawazwa kwa Elizabeth la 1953 kwa waridi la Uingereza, jani la mti wa maple la Kanada, kangaga la New Zealand, yungiyungi la India na pamba ya Pakistani; ilikuwa ramani ya mataifa iliyovaliwa. Mei 2011 Elizabeth alitua Ireland, mfalme wa kwanza wa Uingereza kufika tangu nchi ile ipate uhuru wake, akiwa amevaa kijani, na jioni gauni lake lilikuwa na zaidi ya majani 2,000 ya shamroki, nembo ya nchi hiyo, yaliyoshonwa kwa mkono. Meghan alishuka Tonga Oktoba 2018 na nyekundu ya bendera yao (na lebo ya dukani ikining'inia pindoni, Mungu amrehemu aliyemvalisha).

Ugonjwa huanza tunapodhani kila uzi ni barua. Juni 2017 Elizabeth alifungua bunge bila taji, akiwa na kofia ya buluu yenye maua yaliyokuwa na vitovu vya njano. Bara zima likaona bendera ya Umoja wa Ulaya, likasoma humo maoni yake juu ya Brexit. Baadaye mvalishaji wake, Angela Kelly, aliandika kwamba ilisadifu tu. Wengi hawakumwamini. Mimi namwamini, na ndipo mashaka yanaponiingia: kama kofia iliyoonekana wazi hivyo haikuwa na neno, vipini vya kifuani tunavyovichambua kila anapokuja rais wa nchi fulani vina uzito gani? Vitabu vyetu vya kufundishia vinaandika "alimaanisha". Ushahidi mara nyingi unaishia kwenye "alivaa".

Tena hata ujumbe ukiwa wa makusudi, hauna dhamana ya kufika. Machi 2022 William na Kate walizuru Belize, Jamaika na Bahamas. Rangi zilipangwa vizuri: Kate alishuka Kingston na njano ya bendera. Kisha wakapanda Land Rover ya wazi kukagua gwaride, yeye William katika sare nyeupe, mkewe katika gauni jeupe na kofia, wakisimama kama walivyosimama wazee wao miaka ya 1960. Kwa mshonaji, kila mshono ulikuwa sahihi. Kwa Mjamaika anayedai kuombwa radhi juu ya utumwa, ilikuwa picha ya koloni. Waziri Mkuu Andrew Holness aliwaambia ana kwa ana kwamba nchi yake inasonga mbele. Njano yote ile haikusaidia kitu.

Mwanzoni mwa 2025 ziliripotiwa habari kwamba Kensington Palace, yaani ofisi ya William na Kate, haitataja tena Kate amevaa nini, ili watu watazame kazi. Ikaja kufafanuliwa kwamba maneno yale hayakuwa yake mwenyewe. Wenzangu wengi walifurahi. Mimi sikufurahi. Novemba 2010, siku ya kutangaza uchumba, alivaa gauni la buluu la Issa, kampuni ndogo ya mitindo, nalo likaisha madukani upesi kuliko lilivyoweza kushonwa. Picha moja inaweza kuijaza karakana oda mpaka izidiwe. Itangazwe orodha ya shughuli, vizuri sana. Ile taarifa rasmi ya kila siku imekuwepo tangu 1803 na karibu hakuna anayeisoma. Lakini fundi aliyekesha akitia bitana atajwe jina. Na mnaotaka kubishana nami juu ya kikwapa, uwanja uko wazi hapo chini, ila njooni na rula.