Mtoto Anapochelewa Kukua Tumboni: Maswali na Majibu

Mkunga amenipima akasema tumbo ni dogo kuliko umri wa mimba. Mtoto wangu amedumaa?

Si lazima. Kuanzia wiki ya 24 hivi, urefu wa tumbo kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba hukaribiana na idadi ya wiki: wiki 30, sentimita 30 hivi. Sentimita moja au mbili pungufu si hoja. Zikifika tatu, au kipimo kikiganda palepale tangu hudhurio lililopita, unahitaji ultrasaundi. Utepe ni kengele tu. Unapima tumbo, haumpimi mtoto. Na kama tarehe ya hedhi ilikosewa, tumbo litaonekana dogo bure. Ndiyo maana ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo ni mali, kwa kuwa ndiyo inayotaja umri wa mimba kwa uhakika zaidi. Karatasi yake usiipoteze.

Mtoto mdogo na mtoto aliyechelewa kukua si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Wapange watoto 100 wa umri mmoja wa mimba kuanzia aliye mwepesi kabisa. Kumi wa mwanzo huitwa wadogo kwa umri wao, lakini wengi wao ni wazima kabisa. Wameumbwa wadogo, pengine kama wazazi wao. Aliyechelewa kukua ni yule aliyeshindwa kufikia ukubwa ambao angeufikia. Alikuwa akipanda vizuri kwenye chati, kisha mstari wake ukalala. Hata mtoto wa gramu 2,700 anaweza kuwa amechelewa, ikiwa alikuwa njiani kufikia 3,500.

Kwa hiyo kipimo kimoja mara nyingi hakitoshi. Daktari atakuita tena baada ya wiki mbili au zaidi. Akipima mapema kuliko hapo, kosa dogo la kipimo linaweza kuonekana kama mtoto amekua, au kama hajakua. Ila mtoto akiwa kati ya watatu wa mwanzo katika wale 100, hachukuliwi kuwa mdogo wa kawaida. Huanza kufuatiliwa papo hapo.

Ni kwa sababu sikula vizuri?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya jamaa fulani kusema neno. Sababu kubwa ni kondo la nyuma. Mapema katika mimba, mishipa ya damu ya mji wa mimba hupaswa kupanuka ili kondo lipate damu tele. Isipopanuka vya kutosha, mtoto hupata hewa na chakula kwa kipimo kidogo, hata mama akila vizuri. Chanzo hichohicho huleta shinikizo la damu la mimba, ndiyo maana mambo haya mawili huandamana.

Zipo sababu nyingine: malaria, kaswende, rubela, ugonjwa wa figo, upungufu mkubwa wa damu, kasoro za kromosomu, mapacha wanaogawana kondo moja. Utapiamlo wa muda mrefu pia umo. Sigara na pombe ndizo unazoweza kuziacha leo, na kuziacha kunasaidia hata mimba ikiwa imekwenda mbali.

Nikila mara mbili zaidi na kulala kitandani kutwa?

Kulala kutwa hakujathibitika kumkuza mtoto, na kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Dawa ya kurekebisha kondo pia haipo. Sildenafili, dawa ya kupanua mishipa ya damu, ilijaribiwa, mwaka 2018 jaribio la Uholanzi likasimamishwa baada ya watoto kadhaa kufariki kwa matatizo ya mapafu. Kwa hiyo tiba iliyopo ni kumchunga mtoto kwa makini na kumtoa kwa wakati wake.

Dopla inatafuta nini?

Dopla ni ultrasaundi inayotazama mwendo wa damu. Moyo wa mtoto unaposukuma damu kwenye kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, damu hiyo inapaswa kuendelea kusonga mbele hata katikati ya pigo moja na jingine. Kondo likichoka, damu husimama pale katikati, au hurudi nyuma, na hiyo ni dalili nzito. Kuna jambo jingine la ajabu: mtoto akibanwa, mwili wake huupelekea ubongo damu kwanza na kuyanyima maini. Kichwa hukua, tumbo hubaki jembamba.

Mtoto mdogo ambaye damu yake inapita vizuri anaweza kusubiri hadi wiki ya 37 au zaidi. Dopla ikionyesha kuwa damu haipiti vizuri, huenda mama akazalishwa mapema zaidi. Ikiwa ni kabla ya wiki ya 34, mama kwa kawaida huchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Wewe nyumbani sikiliza mchezo wake. Akipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiku pia.

Amezaliwa na gramu 1,900. Tuanzie wapi?

Kumbuka yale maini yaliyonyimwa. Ni ghala lisilo na akiba, kwa hiyo sukari ya mtoto huyu hushuka upesi, na ngozi isiyo na mafuta humpoza upesi vilevile. Mtoto aliyepoa hutumia sukari kujipasha moto, na sukari ikishuka hupoa zaidi. Ukatize mzunguko huo kwa joto na maziwa.

Joto bora ni kifua cha mama au baba, ngozi kwa ngozi. Huduma hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na leo Shirika la Afya Duniani linataka ianze mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku. Kofia kichwani, nepi, basi. Kuoga kusubiri angalau siku moja.

Maziwa yaanze ndani ya saa ya kwanza, kisha kila saa mbili au tatu. Dang'a usiimwage hata tone. Akichoka kabla ya kushiba, kamua umnyweshe kwa kikombe kidogo. Mtoto mdogo akilala tu bila kudai maziwa, usidhani ameshiba, mwamshe.

Dalili zipi hazingoji asubuhi?

Kukataa kunyonya, degedege, kulegea, mwili kuwa wa baridi hata akiwa kifuani, homa, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea anapovuta pumzi, manjano siku ya kwanza au iliyofika viganjani na nyayoni.

Atawafikia wenzake?

Wengi huwafikia kabla ya miaka miwili. Usimshindilie chakula ili anenepe haraka. Waliozaliwa wadogo kisha wakanenepa upesi huwa na hatari zaidi ya kisukari na shinikizo la damu ukubwani. Mpeleke apimwe uzito, urefu na kichwa.

Na mimba ijayo?

Mwambie daktari historia hii katika hudhurio la kwanza kabisa. Baadhi ya kina mama hupewa aspirini ya kiwango kidogo, na hufaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16. Ukifika kliniki wiki ya 20, nafasi hiyo nzuri imeshapita.