"Pesa ni zangu, namsomesha nimtakaye"

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kwa baba mmoja aliyesajili faundesheni ya familia, yaani taasisi ya hisani, hapa Marekani. Mkononi alikuwa na orodha ya wanafunzi wanne wa kufadhiliwa. Watatu walikuwa na jina lake la ukoo.

Haiwezekani. Siku ulipoziingiza kwenye faundesheni ukapata nafuu ya kodi, si zako tena. Tangu sheria ya 1969, faundesheni binafsi kama hiyo haimpi mtu ufadhili wa masomo kabla IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haijaidhinisha utaratibu wake wa kuchagua. Haiidhinishi majina, inaidhinisha utaratibu: nani aombe, kwa vigezo gani, nani anachuja, masomo yatafuatiliwaje. Maombi hupitia Fomu 8940. Mkitoa bila idhini, faundesheni inatozwa 20% ya kiasi hicho, na mjumbe wa bodi aliyeridhia huku akijua anatozwa 5% kutoka mfukoni mwake.

Hapo ndipo watu huniuliza: "Mbona mdogo wangu hayumo kwenye orodha ya ndugu wa mfadhili ambao sheria inakataza wafadhiliwe?" Kweli hayumo. Orodha ina mke au mume, wazazi na mababu, watoto, wajukuu, vitukuu na wenzi wao. Lakini waombaji lazima wawe kundi pana la kutosha kuhesabiwa kuwa ni hisani kwa umma, na watoto wa ukoo mmoja hawafiki huko. Tangazeni wilaya nzima. Mwenye mtoto aliyeomba asikae meza ya kuchuja. Mimi nasisitiza na hili, ingawa sheria hailitaji: futeni majina kwenye fomu, wekeni namba, ndipo msome.

Wengine huniambia: "Pesa haziruhusiwi kwenda Tanzania." Zinaruhusiwa. Shule inayopewa ruzuku mnaichunguza kwanza, mnaandikiana mkataba, inaleta ripoti za matumizi, nanyi mnaeleza kwenye Fomu 990-PF, ripoti ya faundesheni ya kila mwaka kwa IRS.

"Mwaka wa hasara tunapumzika." Hampumziki. Mnatakiwa kutoa takriban 5% ya thamani ya uwekezaji, faida iwepo isiwepo.

"Ada ikishalipwa, kazi imekwisha." Angalau mara moja kwa mwaka mnahitaji matokeo yaliyothibitishwa na chuo. Ndiyo maana nasema lipeni chuo moja kwa moja: kikikubali kwa maandishi kuzitumia kwa mwanafunzi aliyesajiliwa na anayeendelea vizuri, mzigo wa kufuatilia unapungua sana. Nimewahi kufungua faili ambalo ushahidi pekee wa ada ya mwaka mzima ni picha ya muamala wa simu kwa mjomba wa mtoto, tarehe imekatwa. Fedha zikipotea hivyo, mnasimamisha malipo na kuzidai zirudi.